Kuunganisha makundi mawili ya kuku katika eneo moja la ufugaji huria: niuondoe uzio kwa njia gani?

Mabanda Mawili ameuliza:

Ndugu wafugaji, naomba ushauri wenu kuhusu jambo ambalo nimeliahirisha kwa wiki kadhaa kwa kuhofia kuwaumiza kuku wangu. Nina makundi mawili. La kwanza lina mitetea 14 wa umri wa miaka 2 na jogoo mmoja, nao ndio wenyeji wa hapa. La pili lina tembe 9 (kuku jike wachanga ambao hawajaanza kutaga) wa wiki 19 pamoja na jogoo kijana wa umri huohuo, ambao niliwanunua wakiwa na wiki 11 kutoka kwa mfugaji aliyekuwa akipunguza kuku wake. Kila kundi lina banda lake, na mabanda hayo yametengana kwa takriban mita 40, kila moja likiwa ukingoni mwa eneo la wazi lenye nyasi, vichaka na miti michache. Katikati nimesimamisha uzio wa wavu unaoligawa eneo hilo nusu kwa nusu.

Ninachotaka ni kuuondoa uzio huo. Upande wa kundi la zamani ardhi imebaki tupu kwa kuparuliwa, ilhali upande wa pili nyasi bado ni ndefu, na naamini kuku wote wangenufaika endapo wangelitumia eneo zima. Hata hivyo, jaribio langu la kwanza lilikwenda vibaya. Alasiri moja nilifungua sehemu ya uzio kwa saa moja tu. Mitetea wawili wa zamani walivuka moja kwa moja, wakamfukuza tembe mmoja hadi kwenye kona ya wavu alikokosa pa kutokea, wakamnyonyoa manyoya ya shingoni na kumdonoa upanga wa kichwani hadi ukatoka damu. Nilimtenga na amepona, lakini tangu siku hiyo huingia chini ya banda kila anapomwona kuku wa upande wa pili akikaribia, hata kama uzio upo katikati yao. Majogoo nao hushinda wakitembea sambamba kando ya wavu, kila mmoja upande wake, bawa moja likiwa limeshushwa.

Ningependa kujua kama ni bora kuwahamishia wote katika banda la zamani, ambalo lina nafasi ya kutosha kuku 30, au kuyaacha mabanda yote mawili na kuunganisha malisho peke yake. Pia nahitaji kujua nifanye nini kuhusu majogoo wawili, na kuhusu chakula, kwa kuwa tembe bado hawajaanza kutaga. Nitashukuru kwa ushauri wa mtu aliyelifanya jambo hili kwa mikono yake.

Mlinzi wa Kundi amejibu:

Dada au kaka, kabla hujagusa uzio, naomba uniruhusu nikuulize kuhusu afya, kwa sababu majeraha ya kudonoana hupona ndani ya siku chache, ila ugonjwa unaoingia kundini kwa siku moja unaweza kukaa humo kwa miaka. Mimi nilichanganya kuku wageni na wenyeji baada ya siku 5 tu kwa kuwa wageni walionekana wazima, macho maangavu na manyoya yaliyolala vizuri. Wiki ya tatu wenyeji ndio walioanza kukoroma na kuvimba nyuso, na nikapoteza mitetea 11 niliowalea tangu wakiwa vifaranga. Wageni hawakuugua hata mmoja. Walikuwa wameshaugua zamani na kupona, na mimi sikuwa nimeelewa kwamba kuku aliyepona baadhi ya magonjwa hubaki akiyasambaza.

Kwa kawaida kuku wageni hutengwa kwa siku 30. Muda huo haukuchaguliwa kiholela. Kideri huchukua kati ya siku 2 na 15 kujitokeza tangu kuku alipoambukizwa, mafua ya kuku hujitokeza ndani ya siku 1 hadi 3, na minyoo, chawa na utitiri huhitaji muda ili idadi yao iongezeke kiasi cha kuonekana. Wewe umewatenga kwa wiki 8, jambo linalonipa moyo, lakini uzio wa wavu hauhesabiki kuwa karantini ikiwa mtu anayewahudumia ni mmoja. Je, unatumia viatu vilevile na ndoo ileile pande zote mbili? Unaanza na kundi lipi asubuhi? Je, kundi la pili limewahi kupiga chafya, kutokwa na machozi au kamasi, au kuharisha, hata kwa siku mbili tu? Na je, makundi yote mawili yamepata chanjo zilezile?

Swali la chanjo nalisisitiza kwa sababu baadhi ya chanjo hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, na kuku aliyechanjwa huweza kuvitoa kwa muda. Ukichanja kundi moja na kulichanganya na lisilochanjwa juma hilohilo, unaweza kuanzisha tatizo ambalo hukuwa nalo. Ni vyema makundi yote yachanjwe siku moja, halafu zipite wiki 2 au 3 ili kinga ijengeke ndipo wakutane.

Wakague pia mmoja mmoja usiku, wakiwa wametulia juu ya fito. Fungua manyoya karibu na sehemu ya haja utafute chawa na mayai yao yaliyoshikamana kwenye mashina ya manyoya. Tazama magamba ya miguu, kwa kuwa yakiinuka na kuwa kama yamepakwa unga mkavu, hao ni utitiri wa miguu. Kisha pitisha kitambaa cheupe chini ya fito, kwa sababu utitiri mwekundu hujificha mchana katika nyufa za mbao na kutoka gizani kunyonya damu, na kitambaa kitaonyesha alama nyekundu.

Mzee wa Vichaka amejibu:

Maswali ya Mlinzi yajibiwe kwanza. Nami nitaeleza upande wa tabia, kwa sababu nadhani jaribio lako lilishindwa kwa sababu moja mahususi inayoweza kurekebishwa.

Kuku wanaoishi pamoja huwa wamepangana nani amdonoe nani, na mpangilio huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norwe mwanzoni mwa miaka ya 1920, baada ya kuwatazama kuku kwa miaka mingi tangu utotoni mwake. Kila mtetea humtambua mwenzake kwa sura, hasa kichwa na upanga, na anajua wa kumpisha na wa kumfukuza. Mgeni hana nafasi katika mpangilio huo, na kila mwenyeji anayekutana naye hudai jibu. Jibu linalomaliza ugomvi ni kuondoka. Kuku anayeshindwa hukimbia hatua kumi au ishirini, mshindi huridhika, na mambo huishia hapo. Tembe wako alipobanwa kwenye kona hakuweza kutoa jibu hilo. Kwa macho ya wale mitetea wawili, mgeni ambaye haondoki ni mgeni ambaye hajakubali kushindwa, kwa hiyo waliendelea kumdonoa, na damu ilipotoka ikazidisha mambo, kwa kuwa rangi nyekundu juu ya mwili wa kuku huwavuta wengine kudonoa palepale.

Kwa hiyo kufungua sehemu ndogo ya uzio ndiyo njia mbaya kuliko zote, ingawa inaonekana ya tahadhari. Nafasi hiyo huwa mlango unaogombaniwa, na wavu uliobaki pande zake huwa mtego. Siku utakayoamua, uondoe uzio wote, au angalau uache mianya mipana yenye mita nyingi, na kona yoyote iliyobaki izibe kwa matawi au mbao ili kuku asiweze kukwama humo.

Kuhusu mabanda, ushauri wangu ni kuyaacha yote mawili. Watu wengi huchukulia kuunganisha malisho na kuunganisha malazi kuwa jambo moja, ilhali kwa kuku ni mambo mawili yenye uzito tofauti sana. Kuku hushikamana na mahali anapolala, na ardhi inayozunguka banda lake huiona kuwa yake. Makundi mawili yenye mabanda mawili yaliyotengana kwa mita 40 yataishi kama majirani. Yatachanganyika katikati mchana, kila moja likiwa jasiri karibu na kwake na la adabu karibu na kwa wenzake, na jioni kila kuku atarudi kwao bila kuswagwa. Ugomvi mkali hutokea wanapogombea fito, viota na mlango wa banda, yaani mahali ambapo mwenye kushindwa hana pa kukimbilia. Ukiwaondolea sababu hiyo, umeondoa sehemu kubwa ya hatari.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, sogeza vyombo vya chakula vya makundi yote hadi kwenye uzio, mkabala, ili wale wakiwa wanatazamana kwa umbali wa mita moja au mbili. Wameonana kwa wiki 8, lakini kuonana kwa mbali hakutoshi. Wakati huohuo weka vizuizi vya kuona katika eneo zima, kama mbao zilizoegemezwa, marundo ya matawi na marobota ya majani makavu, kila kimoja kikiwa na njia mbili za kutokea. Kuku aliyefukuzwa akishapotea machoni pa mshindani wake kwa sekunde chache, mara nyingi ugomvi huwa umekwisha. Chakula na maji yawe katika sehemu zisizopungua 4 zilizotawanyika, na chombo kimoja kisionekane kutoka kwenye kingine, la sivyo mtetea mbabe mmoja atavilinda vyote.

Siku yenyewe iwe alasiri, saa moja na nusu hivi kabla ya giza. Watoe tembe kwanza, wapate robo saa ya kutawanyika na kuijua ardhi, kisha uwatoe wenyeji. Tawanya nafaka kidogo mahali papana ili vichwa viiname. Giza litawaita kila mmoja kwao kabla uchovu na hasira havijalimbikizana. Siku zinazofuata ongeza nusu saa au saa nzima kulingana na unavyowaona. Kaa nao. Kudonoa mara moja kichwani na kufukuzana hatua chache ni mazungumzo yao ya kawaida, hivyo usiyaingilie. Ingilia pale damu inapotoka, au pale kuku mmoja anapofuatwa na wengi, au pale unapomwona tembe ambaye hathubutu kushuka kula wala kunywa.

Endapo mtetea mmoja atazidi, mwondoe yeye badala ya yule anayeonewa. Mweke mahali asipowaona wenzake kwa siku 3 au 4. Atakaporudi atakuwa amepoteza sehemu ya nafasi yake, na atashughulika kuitafuta kuliko kuwatesa wageni. Ukimwondoa mwonewaji, kila unapomrudisha ataanza upya kama mgeni.

Jambo moja la mwisho, ambalo huenda lisikufurahishe. Kuondoa uzio hakutaponya ardhi iliyo tupu. Kuku wengi hutumia sehemu kubwa ya siku karibu na banda lao, hasa pale ambapo mbele yao ni uwanja usio na kivuli, kwa sababu asili yao ni ya vichakani na anga tupu huwatia hofu ya mwewe. Nyasi za mbele ya banda la zamani zitaendelea kwisha hata ukiwapa ekari nzima. Kinachowavuta mbali ni kivuli na maficho, kwa hiyo panda vichaka au jenga vibanda vya kivuli kuelekea katikati, na ile sehemu iliyochoka uizungushie uzio ipumzike.

Alfajiri amejibu:

Kwa heshima zote kwa Mzee, mimi nimewaingiza wageni usiku mara mbili, nikawaweka juu ya fito katikati ya wenyeji, na asubuhi waliamka pamoja bila vurugu kubwa. Kuku haoni vizuri gizani, na anapoamka akimkuta mwenzake yuko ubavuni huwa amepunguza ukali. Kwa nini mtu ahangaike kwa wiki kadhaa ikiwa usiku mmoja unatosha?

Mzee wa Vichaka amejibu:

Mwanangu Alfajiri, sina shaka kwamba ilikufaa, na ningependa kujua wageni wako walikuwa wangapi na wa umri gani. Usiku huwapitisha wageni mlangoni bila ugomvi, lakini mpangilio wa nani ampishe nani haujafanyika, nao huanza mapambazuko, ndani ya banda lililofungwa, kabla mwenye kuku hajaamka. Ukiwa na wageni wawili au watatu wenye umri na umbo sawa na wenyeji, na ukiwa mlangoni kabla ya mwanga kuingia ili uwafungulie mara moja, njia hiyo inaweza kufaulu. Tembe 9 wa wiki 19 mbele ya mitetea wa miaka 2 ni jambo lingine, kwa sababu uzito wao haujakamilika na bado hawajawa na ujasiri wa kutaga. Zaidi ya hayo, mwenzetu hana sababu ya kuwalaza pamoja. Ana mabanda mawili.

Kiota amejibu:

Nijazie kuhusu majogoo na chakula, kwa kuwa hayo hayajaguswa.

Jogoo wa wiki 19 kwa kawaida atampisha jogoo mzima bila mapambano, na wiki za kwanza zinaweza kukupa matumaini makubwa kupita kiasi. Mvutano wa kweli huja anapokomaa na vipi vyake, yaani miiba ya miguuni, vinapoanza kurefuka, hivyo endelea kuwatazama hata miezi 6 baadaye. Mitetea 23 kwa majogoo 2 ni uwiano mzuri, kwa kuwa jogoo mmoja hutosha mitetea 8 hadi 10 au zaidi kidogo. Mabanda mawili yatawasaidia pia, maana kila jogoo atakuwa na ngome yake na kundi la kurudi nalo. Dalili ya kuangalia iko migongoni mwa mitetea: ukiona manyoya ya mgongo na ya nyuma ya kichwa yamekwisha, wanapandwa kupita kiasi, na jogoo mmoja itabidi atengwe. Kutembea kwao kando ya wavu kusikutishe sana. Uzio wenyewe huwachochea, kwa kuwa hakuna anayeweza kushinda wala kushindwa.

Kama unajali uzao, kumbuka kwamba mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini na huweza kutaga mayai yenye rutuba kwa wiki 2 au zaidi baada ya kupandwa. Ukishaunganisha malisho hutajua tena baba wa kifaranga ni nani, na hata ukiwatenga tena itakupasa usubiri wiki 3 hadi 4 kabla ya kuatamisha mayai kwa uhakika.

Chakula cha kuku wa mayai kina kalisi (madini yanayojenga ganda la yai) nyingi, kati ya asilimia 3.5 na 4, ilhali cha kuku wanaokua kina takriban asilimia 1. Kalisi ya ziada hudhuru figo za kuku ambaye hajaanza kutaga, na kwa kuwa wote watakula popote, huwezi kumzuia tembe kufikia chombo cha mitetea. Wape wote chakula cha kukuzia, na uweke magamba ya kome au ya chaza yaliyopondwa katika chombo cha peke yake. Mtetea anayetaga atayafuata mwenyewe kadiri mwili wake unavyodai, na tembe atayaacha. Tembe wako watakapokuwa wanataga wote, rudisha chakula cha mayai kwa kundi zima.

Mabanda Mawili amejibu, baada ya siku 2:

Nawashukuru sana nyote, na hasa Mzee wetu kwa kunieleza maana ya ile kona. Nimeirudia akilini na naona kwamba tembe yule alikuwa akijaribu kuondoka muda wote.

Ndugu Mlinzi, majibu yangu kwako si mazuri. Natumia viatu vilevile na ndoo ileile, na huanza na kundi la zamani kwa sababu banda lao liko karibu na nyumba. Kuhusu chafya, tembe wawili walipiga chafya na kutokwa na povu kwenye pembe za macho wiki ya pili baada ya kufika. Daktari wa mifugo aliwapa dawa ya antibaiotiki, wakapona ndani ya wiki moja, nami nikalisahau jambo hilo. Kundi la zamani liliwahi kukoroma kidogo msimu wa baridi uliopita, kabla ya hawa kuja, nikadhani ni vumbi. Chanjo ya kideri wote wanayo, ila walichanjwa nyakati tofauti.

Mlinzi wa Kundi amejibu:

Nakushukuru kwa kusema wazi, kwa sababu majibu haya yanabadilisha mpango. Povu kwenye macho pamoja na chafya zilizotulia kwa dawa hunifanya nishuku mikoplasma. Bakteria hao hutulizwa na dawa lakini hawaondoki. Kuku hubaki nao maisha yake yote, huwapitishia vifaranga kupitia yai, na huugua tena anapopata msongo, kama vile kubadilishwa banda, baridi, au kuingizwa katika kundi la wageni. Yaani siku ya kuunganisha ndiyo siku ambayo ugonjwa uliolala huamka.

Mwombe daktari achukue sampuli za damu kutoka makundi yote mawili, hata kama kundi la zamani linaonekana zima. Yapo matokeo ya aina tatu yenye maana kwako. Ikiwa hakuna kundi lenye maambukizi, endelea na mpango wa Mzee. Ikiwa ni kundi moja tu, uzio ubaki, kila upande uwe na viatu na ndoo zake, na kila siku uanze kwa kulihudumia lililo safi. Ikiwa yote mawili yanayo, basi uzio haulindi kitu, na unaweza kuunganisha, ila polepole sana ili msongo uwe mdogo, na uache kabisa kuuza kuku hai na mayai ya kuatamisha. Mayai ya kula hayana tatizo kuhusu bakteria hao, mradi uheshimu siku za kusubiri baada ya dawa kama daktari atakavyokueleza.

Na kama hutapata vipimo, ipo njia ya zamani: chukua mtetea mmoja wa kundi la zamani, umlaze na tembe kwa wiki 3 au 4, ukiwatazama wote. Mchague anayekubalika kirahisi, na awe na mwenzake mmoja ili asionewe peke yake.

Mabanda Mawili amejibu, baada ya wiki 9:

Narudi kutoa taarifa, maana niliahidiana na nafsi yangu kwamba sitawaacha bila jibu.

Daktari alichukua damu ya kuku 6 kutoka kila kundi, na mikoplasma ilionekana pande zote mbili. Sitajua kamwe kama tembe walikuja nayo, au waliikuta hapa kwa sababu ya viatu vyangu, au makundi yote yalikuwa nayo tangu mwanzo. Niliumia sana, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi mayai ya kuatamisha kwa jirani, na nimemweleza ukweli wote. Nimeacha kuuza kuku hai, na sitaongeza kuku wengine hapa hadi hawa watakapomaliza maisha yao.

Baada ya matokeo hayo niliwachanja wote kideri siku moja, nikasubiri wiki 3, na ndani ya muda huo nikahamishia vyombo vya chakula kwenye uzio kama Mzee alivyoelekeza. Siku 4 za kwanza mitetea wa zamani walikuwa wakiacha chakula chao ili kurukia wavu. Kufikia siku ya 10 walikuwa wakila kwa utulivu, na yule tembe aliyejeruhiwa alikuwa akisogea hadi hatua tatu kutoka kwenye wavu.

Niliung'oa uzio wote alasiri isiyo na upepo. Kulikuwa na mapambano 5 au 6 mafupi, na kila mara tembe alikimbilia nyuma ya rundo la matawi na mfukuzaji akasimama. Mtetea mmoja kati ya wale wawili wa mwanzo hakuacha, akawa anavuka eneo zima kwenda kusubiri mlangoni mwa banda la tembe. Nilimtenga kwa siku 4. Aliporudi alidonolewa na wenzake wa zamani, na tangu hapo amekuwa mpole. Majogoo walitazamana manyoya ya shingo yakiwa yamesimama, wakadonoana mara mbili, yule kijana akageuka. Tembe 7 kati ya 9 wameshaanza kutaga. Kuku 2 walipiga chafya katika wiki ya pili, nikampigia daktari, na zikaisha bila dawa.

Tembe mmoja amehamia mwenyewe katika banda la zamani na hulala mwisho wa fito pamoja na mitetea 3, ambao hawajamfukuza. Mzee alisema kweli kuhusu ardhi: mbele ya banda la zamani bado pako tupu, kwa hiyo wavu uleule sasa nimeuzungushia hapo, na mlango wa kutokea nimeuhamishia upande wa nyuma wa banda. Nimepanda vichaka 8 kuelekea katikati. Naomba kuuliza, kipande hicho kipumzike kwa muda gani kabla ya kuwarudisha?

Mzee wa Vichaka amejibu:

Nimefurahi kwa ajili yako na kwa ajili ya huyo tembe aliyejichagulia malazi. Kuhusu ardhi, nyasi zitarudi kabla usalama haujarudi. Mayai ya minyoo ya kuku hukaa hai udongoni kwa miezi mingi, hasa penye unyevu na kivuli, na msimu mmoja hautoshi kuyamaliza. Ondoa tabaka la juu lililojaa kinyesi, ruhusu jua lipige udongo kabla ya kupanda nyasi, na ukiweza uwazuie kwa mwaka mzima. Kama utawarudisha mapema kuliko hapo, mpelekee daktari kinyesi chao akipime minyoo mwezi mmoja baadaye.

Na usifuge bata mzinga hapo hata ukitamani. Minyoo ya kwenye vijisaka vya utumbo wa kuku hubeba kimelea ambacho kuku hukivumilia, lakini bata mzinga hufa kwacho.